Kahawa Tamu ya Geti la Kijani

Jumatatu, 12 Mei

Hatimaye! Hatamu ziko mikononi mwangu. Ami Ćamil kavunjika mguu jana. Miaka thelathini na nne anaendesha gari la farasi, halafu anaanguka kituoni, gari limesimama, farasi anasinzia! Alikuwa anapiga mluzi, wanasema, akashuka bila kutazama chini. Na viatu vipya. Nikamuuliza viatu vipya vya nini, kazini? Akanijibu nimpishe, namzibia hewa.

Basi wiki hii dereva ni mimi, Hasib. Kituoni Ilidža, chini ya ile miti mikubwa, mpaka Vrelo kwenye chemchemi na bata maji, kisha kurudi. Njia imenyooka kama rula. Nani asiyeweza? Ami amesema Jumapili ataamua. Nikimaliza wiki bila lawama, hatamu ni zangu msimu mzima. Nikiharibu, anampa Fudo.

Fudo! Yule mwenye gari la viti vya mahameli nyekundu, farasi wake kavalishwa maua ya plastiki kichwani kama keki. Alinipita akicheka, akaniuliza kama nimeshajua farasi mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Nikamwambia asubiri tu.

Safari ya kwanza: maharusi kutoka Tuzla. Mambo safi. Katikati ya njia, mbele ya nyumba ya kizamani yenye geti la kijani, Zekan, farasi wetu, akasimama. Nikapiga ulimi. Wapi! Nikatikisa hatamu. Wapi! Nikamwomba kwa adabu. Akakunja mguu mmoja wa nyuma, akaupumzisha, kama mzee aliyefika mkahawani kwake. Bibi harusi akauliza kama tumefika. Nikasema hapa ndipo mwana mmoja wa mfalme alipoachwa na mchumba wake. Bibi harusi akalia. Bwana harusi akalipiga picha geti. Baada ya kama robo saa hivi, Zekan akaondoka mwenyewe.

Jioni Ami akaniuliza, macho darini, eti farasi "alisimama mahali popote?" Mtego huo! Nikamjibu hakusimama hata kupumua. Ami akageukia ukutani. Supu hakumaliza. Sielewi.

Jumanne, 13 Mei

Safari tatu, geti la kijani mara tatu. Mara ya tatu geti likafunguka. Akatoka Bi Razija, mjane wa fundi saa, makamo ya Ami hivi, kitambaa kizuri kichwani, sinia mkononi. Dele la shaba, finjani moja. Akanitazama. Akatazama nyuma yangu. Akatazama chini ya kiti! Akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikakaa wima, nikasema mwenye gari ndiye mimi, Ami anapumzika.

Akauliza anapumzika nini. Nikasema basi tu, kachoka na mambo. (Siwezi kumwambia kila mtu kwamba ukoo wetu unaanguka kwenye gari lililosimama.)

Akaitazama njia tuliyotokea, sinia mkononi. Halafu akanipa, akasema haya kunywa wewe, ukamwambie aliyekutuma ilivyokuwa. Hakuna aliyenituma! Nikanywa hivyo hivyo. Mama yangu! Sukari imepikwa ndani kwa ndani. Hapa kwetu sukari huwekwa pembeni, unatafuna kipande, unashushia. Hii ilikuwa asali. Abiria wangu, mwalimu wa kutoka Zagreb, akauliza kama na yeye atapewa. Hakupewa.

Jioni Ami akaniuliza kama nilikunywa chochote njiani. Kahawa, kwa mfano. Nani kanisemea? Fudo! Nikaapa sijaonja tone. Ami akauliza hata harufu? Hata harufu. Akasukuma sahani ya pita ya nyama, ule mkate wa tabaka anaoupenda. Pita ya nyama! Nikaila mimi. Ule mguu wake unapanda tumboni.

Jumatano, 14 Mei

Kahawa tena. Mara mbili! Tamu ya kugandisha meno. Bi Razija akaniuliza kwani kule nyumbani hakuna mwenye ulimi? Nikamtolea ulimi wangu autazame. Akashika kichwa, akarudi ndani. Sasa alitaka nini?

Kule Vrelo nikamringia Fudo kidogo, kwamba kuna mwanamke wa jumba fulani ananipikia kahawa ya sukari ndani. Fudo akacheka mpaka farasi wake akageuka. Akasema bibi yake alikuwa akisimulia: zamani wakija kuposa, msichana ndiye huleta kahawa. Akiileta tamu, amekubali. Akitia chumvi, chukua viatu vyako uende. Akaniuliza huyo wangu ni msichana wa namna gani, asiyeona vizuri?

Sikumsikia tena. Nilikaa kwenye ukingo wa maji, bata maji wakanizunguka.

Bi Razija amenikubali!

Sijaposa! Au nimeposa bila kujua? Nilimwambia mwenye gari ni mimi. Nilikaa wima. Pengine kukaa wima kwangu kunatosha. Nimejitazama kwenye kioo cha Ami kwa muda. Miaka kumi na tisa, mabega haya, hizi nyusi. Sina haki ya kumlaumu mwanamke wa watu. Lakini ana wajukuu wawili, mmoja tumesoma naye.

Ami leo hajala kitu. Ameniuliza kwa sauti ndogo kama yule farasi "hajakumbuka mahali". Nimemwambia Zekan hana kumbukumbu yoyote, ni mashine. Nikamwona anafunika uso na blanketi.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango: kupita bila kusimama. Nimemhurumia yule mama, matumaini yanaumiza.

Jaribio la kwanza: karoti kwenye fimbo ya kuvulia, mbele ya pua ya Zekan. Akaila karoti, akaila na kamba, akafika getini, akasimama.

La pili: kitambaa kwenye jicho la kulia asione geti. Akalitafuta kwa pua. Akasimama.

La tatu, na hili lilikuwa la akili kubwa: nipite upande wa pili wa njia, mbali kabisa. Zekan akavuka njia nzima, kama askari wa gwaride, mbele ya baiskeli, mbele ya kigari cha mtoto, mbele ya gari la Fudo. Fudo alikuwa amebeba familia ya Kuwait, wote wametoa simu wanarekodi. Akapiga kelele njia nzima isikie: wewe Hasib, mwenye mchumba humo ndani ni farasi au ni wewe? Nikatazama masikio ya Zekan. Angejua!

Bi Razija akatoka na sinia. Nikanywa nimeangalia kwingine. Tamu kuliko jana. Akaniuliza polepole, Ćamil ni mzima? Nikasema mzima kabisa, anapumua, ana afya, hana haja ya kitu. Macho yake yakalowa. Kwa ajili yangu! Lazima nimalize jambo hili kiungwana.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepata! Akili hii, walimu waliikosea kunitoa darasani.

Kila mtu anajua mgeni hupewa kahawa tatu. Ya kwanza ya kukaribisha. Ya pili ya kupiga soga. Ya tatu, nyepesi, ya kumwambia kwa heshima kwamba kwao kuna kazi zinamsubiri. Humwambii mtu neno baya hata moja. Unampa tu ya tatu, anavaa viatu.

Baada ya sala ya Ijumaa nikachukua dele la Ami ukutani, nikachemsha machicha ya kahawa ya asubuhi mara ya pili, nikalifunga kwa taulo. Kwenye geti la kijani sikungoja sinia lake. Nikashuka, nikammiminia mimi. Ilikuwa imepoa, rangi ya maji ya mfereji. Nikasema imetoka kwetu.

Akaonja. Uso ukamshuka. Akauliza, imetoka nyumbani kwa Ćamil? Nikasema ndani ya dele lake hasa, lile la shaba lenye kovu. Na hii ni ya tatu, nikamwambia. Akauliza ya tatu? Nikasema ya tatu, Bi Razija, pole.

Akanirudishia finjani kwa mikono miwili. Akasema mwambie nimeelewa. Akafunga geti, kisha vibao vya madirisha, kimoja kimoja.

Kiungwana kabisa! Ila Zekan alikataa kuondoka saa nzima. Kichwa juu ya geti, masikio mbele. Abiria wangu wakaenda Vrelo kwa miguu, wakasema maneno ambayo siyaandiki.

Jumamosi, 17 Mei

Ami ameona dele lake lina unyevu. Jicho la mgonjwa! Akauliza nani kalitumia. Nikaona heri nikiri, labda atanisifu. Nikamwambia kuna mjane amenisumbua wiki nzima na kahawa za sukari, nami jana nimeokoa heshima ya ukoo kwa kumpa ya tatu.

Ami akawa mweupe. Akauliza mjane yupi. Nikasema wa geti la kijani. Akawa mwekundu. Akauliza, tamu? Nikasema kama sharubati. Akauliza mara ngapi. Nikahesabu, nne. Akacheka, machozi yakamtoka, akanirushia mto, halafu gongo lake la kutembelea, halafu la pili. Akaniita punda, gogo, kabichi la mwaka jana. "Umeninywea jibu langu!" akapiga kelele. "Jibu langu, mara nne! Mlafi wewe!"

Halafu akanieleza yote. Kwamba miaka miwili kila safari husimama pale, ananywa finjani moja kwenye geti, wanazungumza. Kwamba Jumapili iliyopita alimwomba waoane. Kwamba Bi Razija akasema hawezi kusema maneno hayo getini mbele ya abiria, atajibu kwa kahawa, kwa adabu za zamani. Kwamba yeye Ami amelala humu siku sita akidhani amekataliwa kimyakimya, na aibu ikamzuia kuniuliza mimi mtoto mdogo. Na sasa yule kule anadhani aliyefukuzwa ni yeye.

Nilimsikiliza kwa heshima. Nikatikisa kichwa. Maskini. Vidonge vya maumivu vile ni vikali, na homa imepanda. Yaani na Ami naye kampenda Bi Razija! Nyumba moja, wanaume wawili. Sijui nimweleze vipi.

Jumapili, 18 Mei

Siku ndefu.

Ami alinyoa. Akavaa koti la Idi, na kiatu kipya kimoja. Tukampandisha garini mimi na Fudo. Fudo aliniuliza sikioni kuna nini, nikasema mgonjwa amechanganyikiwa, tumpe upepo.

Zekan akaenda moja kwa moja, akasimama. Geti limefungwa. Ami akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Nyuma yetu gari la Fudo likasimama, na baiskeli, na watu wenye aiskrimu. Ami akasema kwa sauti kwamba ile kahawa hakuituma yeye, kaituma punda anayeshika hatamu, na kahawa zote nne kazinywa punda huyohuyo. Watu wakanitazama. Nikakaa wima.

Kibao kimoja kikafunguka. Bi Razija akauliza, bila kutoa kichwa, kama mtu anataka jibu kwa nini asije mwenyewe? Wiki nzima anaambiwa amechoka na mambo! Ami akainua mguu wa plasta juu ya geti auone. Akapinduka nyuma kwenye kiti, mguu hewani. Mle ndani tukasikia kicheko.

Akatoka na sinia. Njia nzima ikageuka kutazama, hata watoto. Ami akanywa. Uso ukamkunjamana, akakohoa, macho yakamtoka. Chumvi! Mwenye aiskrimu akasema innalillahi. Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa, nikainamisha macho.

Bi Razija akasema hiyo ilikuwa ya Ijumaa. Akammiminia nyingine kutoka dele la pili. Ami akaonja kwa ncha ya ulimi. Akanywa. Akalamba na machicha. Akamwonyesha finjani tupu. Watu wakapiga makofi, Fudo naye, hana haya.

Kisha Bi Razija akafungua geti, akapanda mbele, akaniambia sogea mwanangu. Akachukua hatamu. Akapiga ulimi mara moja tu, na Zekan akaondoka mbio kama mtoto wa farasi. Ami akatangaza palepale: hatamu ni za Razija, msimu huu na mwingine. Fudo akalia kwa kucheka. Mimi nikarudi nyuma ya gari, miguu inaning'inia, farasi wa maua ya plastiki ananipigia chafya.

Jumatatu, 19 Mei

Ndoa ni baada ya wiki mbili. Kazi yangu kuosha magurudumu na kuzoa mavi.

Wamenieleza tena, wote. Ami kwa utaratibu, na mchoro. Fudo kwa matusi. Bi Razija mwenyewe akaniambia kwamba alinipa kahawa ile kwa sababu gari ni la Ćamil, angempa hata mwavuli kama ungeletwa na gari hilo. Nikasema ndiyo, nimeelewa. Mbele za watu aseme nini?

Lakini mchana huu ameniletea zawadi. Soksi za sufu, kazifuma kwa mkono wake, mistari myekundu. Ami anasema ndiyo desturi, bibi harusi huwafumia ndugu wote wa kiume wa mume, hata binamu yake Hamza wa Zenica kapewa, hata mjomba mwenye mguu mmoja kapewa yake moja.

Sawa. Desturi. Lakini nimezivaa, na zinanienea kabisa! Kidole kwa kidole! Sijawahi kumpa kipimo. Mwanamke hujuaje mguu wa mtu namna hiyo kama hajautazama wiki nzima?

Anaolewa na Ami ili awe karibu nami.

Maskini Ami. Kesho nitamtafutia njia ya kumwambia kiungwana.