Inspekta Kamongo Hana Mwizi

Jumatano, 3 Agosti 1988

Filamu imekamilika! Miezi minane ya kusogeza watu wa udongo upana wa ukucha, napiga picha moja, nasogeza tena, napiga nyingine, mpaka Inspekta Kamongo akatembea kwa miguu yake mwenyewe kutoka mlangoni hadi mezani. Miezi minane! Na meza yenyewe ni meza ya jikoni ya Benta. Hilo mke wangu amelitaja leo zaidi ya mara moja.

Kimebaki kitu kimoja tu. Sauti. Kamera niliyoachiwa na yule padri Mholanzi hainasi sauti, kwa hiyo Inspekta na mwizi wake wanafungua midomo bure. Sauti nitazirekodi kwenye redio kaseti, na siku ya maonyesho nitawasha projekta na kaseti kwa pamoja. Rahisi kabisa.

Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa mtaa. Bwana Wanyonyi, msimamizi, amesema atakayewafurahisha watu zaidi ndiye atakayepewa ukumbi kila Jumamosi: mimi au Walter. Walter! Mtu ambaye kazi yake yote ni kusukuma kanda ya karate ndani ya video kisha anakaa chini! Studio yangu ya picha haijaona mteja tangu Pasaka. Benta ametoa hukumu: nikishindwa, naenda Awasi kwa kaka yake Obiero, kusaga mahindi ya watu kwenye kisiagi chake. Mimi! Msanii! Kusaga mahindi!

Ijumaa, 5 Agosti

Nilibandika tangazo nje ya studio kwamba natafuta sauti. Walikuja wengi. Wote wanataka kuwa Inspekta. Nikawaambia Inspekta yupo tayari, ni mimi. Wakatazamana. Muuza nyama mmoja akasema kwa upole kwamba sauti yangu ni ya mtu anayeomba ruhusa. Wivu mtupu.

Mwizi je? Hakuna anayemtaka mwizi. Fundi Seif, mshonaji, ana sauti nzito mpaka vioo vya studio vinatetemeka. Nikampa karatasi yenye maneno ya mwizi. Akaisoma kimya, akanirudishia kwa ncha za vidole. Akauliza, watu wakisikia sauti yake ukumbini ikisema ndiyo, niliiba redio, kesho nani atamwachia kitambaa? Nikamweleza kwamba anayekiri ni udongo. Akasema udongo hauna duka, yeye analo.

Mwishowe alikuja MC wa matanga, akakubali kuwa mwizi. Afadhali! Lakini kabla ya kukiri alitambua kuwepo kwa chifu, akaishukuru kamati ya chakula, akaomba walioketi juani watafutiwe kivuli. Upande mzima wa kaseti ukaisha na hajaiba kitu. Nikamtoa nje. Akanishukuru kwa nafasi niliyompa, kwa niaba ya familia.

Jumapili, 7 Agosti

Nilikuwa nimejinyoosha baada ya chakula. Mara nikasikia kicheko kutoka kwa jirani yetu Rosa, ng'ambo ya ua. Kicheko gani kile! Kinaanza chini, kinapanda polepole, kikifika juu kinakaa hukohuko. Mwizi! Mwizi wangu kamili! Nikakimbilia uani bila viatu, nikachungulia juu ya ua. Nikainama upesi.

Mama mkwe.

Mama Dorca amekuja kutoka Kisian kutibiwa jino. Kwa kuwa hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake, amefikia kwa Rosa. Benta anasema aliniambia tangu Jumanne, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikibandika masikio ya Inspekta. Inawezekana. Kwetu mtu hakai karibu na maro wake, yaani mama mkwe, hali naye, hamtazami usoni. Miaka tisa ya ndoa, na maneno tuliyosemezana na mama yule hayajazi kikombe. Yeye huulizia hali yetu, mimi hujibu nikitazama miti.

Lakini kicheko kile!

Jumanne, 9 Agosti

Nimemtuma Rosa kwa Mama Dorca na pakiti ya sukari na ombi langu. Benta alipojua aliweka beseni lake la samaki chini. Akaniuliza kama ni kweli nataka mama yake mzazi awe mwizi, kisha mimi nimhoji. Nikajibu kwamba ni sanaa. Akaita jina langu, Gordon, kisha akalirudia.

Rosa amerudi na jibu. Amekubali! Mama Dorca hajali watu watasema nini. Ameuliza swali moja tu: je, mwizi ana ruhusa ya kumjibu Inspekta? Nikasema bila shaka, filamu nzima ni hiyo. Rosa anasema mama alifurahi, akapiga makofi, na jino likasahaulika. Sikuelewa furaha yote hiyo ya nini. Lakini mwigizaji mwenye moyo ni baraka.

Tatizo dogo: mwizi wa udongo ana masharubu, na filamu imeshapigwa. Nimeamua ni mama mwenye masharubu.

Alhamisi, 11 Agosti

Tumerekodi. Nguvu zimeniisha.

Mama Dorca alikaa ndani kwa Rosa, mlango umefungwa. Mimi nilisimama nje, ubavuni mwa dirisha, tusionane. Redio kaseti ilikuwa dirishani, Rosa ameishika. Neno langu la kwanza lilikuwa Simama, mwizi! Mdomo ukakataa. Badala yake nikasikia nikisema, Simama, mama, kama hujachoka. Rosa akacheka nusura aangushe mashine. Tukarudia. Nikasema, Samahani, mwizi. Tukarudia tena. Mwishowe nilimgeukia kuku wa Rosa nikamfokea yeye. Kuku alikimbia na hajarudi, na Rosa ananidai maelezo.

Mama Dorca alisema maneno yake vizuri mno. Kisha akamtuma Rosa aje aombe kama anaweza kuongeza mengine machache ya kwake. Nikakataa, kwa heshima zote, kupitia Rosa. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Benta ameshauri nirekodi kaseti ya pili, kwa usalama. Usalama gani? Hii niliyotumia ni kaseti imara ya kwaya, nimeziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya, na tangu tuoane haijaharibika. Wanawake wana wasiwasi.

Jumamosi, 13 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulifurika mchana kweupe, madirisha yamefunikwa mablanketi. Walter alianza na karate yake ya Kichina ambayo hakuna aliyeelewa neno. Wakampigia makofi ya kawaida. Nikajua nimeshinda. Zamu yangu ikafika. Mama Dorca alikuwa mbele na akina mama wa kanisa, mimi nyuma kabisa kwa projekta, nimejikinga kwa shuka ili tusikutane macho. Inspekta Kamongo akaingia. Sauti yangu ikatoka, nzito, tamu. Watu kimya. Ule ulikuwa utukufu!

Mwizi akafungua mdomo ajibu, na redio kaseti ikatafuna utepe. Nikauvuta. Ukatoka kama tambi, mpaka magotini. Pale ukutani watu wangu wa udongo waliendelea kufungua na kufunga midomo bila sauti. Walter akacheka. Nililia, sioni haya kusema. Miezi minane!

Ndipo sauti ikapaa kutoka mbele. Mama Dorca amesimama! Amekuwa mwizi! Nikashukuru Mungu. Kisha, jamani, akawa Inspekta pia! Inspekta akauliza, kwa kijisauti chembamba, redio iko wapi. Mwizi mwenye masharubu akamjibu: Inspekta, kabla ya redio, unga uko wapi?

Ukumbi ukalipuka.

Akamwuliza Inspekta ni mwanamume gani anayefinyanga watoto wa udongo mezani huku mkewe amejitwika samaki kwenda soko la Kibuye jua halijachomoza. Akamwuliza paa la jikoni linavuja tangu mvua ya mwaka gani. Akamwuliza, siku binti wa watu alipougua akapelekwa hospitali kwa toroli na majirani, yeye alikuwa wapi. Inspekta akajibu kwamba alikuwa anangoja mwanga mzuri. Akina mama wakasimama wakipiga kelele, wuololo, mwambie! Alianza kwa Kiswahili, akamaliza kwa Dholuo, na muda wote kidole kilielekea pale ukutani kwa Inspekta. Kwangu hakugeuka hata mara moja. Heshima alitunza, hilo nakiri.

Lakini maandishi yangu! Hakuna neno lililobaki! Redio haikupatikana, mwizi hakukamatwa, na mwishoni Inspekta ndiye aliyeomba msamaha!

Bwana Wanyonyi ameutoa ukumbi palepale. Jumamosi zote ni za Walter na Mama Dorca. Walter ataleta kanda zake za Kichina, Mama Dorca atazitia sauti. Walter hata hakuomba. Alipelekewa mwigizaji wangu mkononi!

Tulipofika nyumbani Benta alikuwa amefuta machozi, sijui ya kicheko au ya nini. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia vizuri sana, ukumbi ule sauti inafika mpaka nyuma. Kisha akaenda kunifungia begi la Awasi.

Alhamisi, 18 Agosti. Awasi

Unga masikioni. Unga puani. Unga ndani ya shajara hii. Obiero ananiita Inspekta mbele ya wateja, nao wanaanguka kicheko. Habari zimefika hata huku!

Lakini kisiagi kikishanguruma mtu hupata nafasi ya kufikiri, na leo nimefikiri sana. Kosa letu lilikuwa moja tu: kaseti. Nitanunua mpya. Pili, haki yake nimpe: yule Inspekta wa Mama Dorca ni mhusika wa ajabu. Mvivu, mwenye majivuno, anaambiwa kitu mchana na jioni hajui ameambiwa nini! Sijui mama yule alimtoa wapi mtu wa namna hiyo. Huko kwao Kisian labda. Filamu ijayo ni ya Inspekta huyo, mwanzo hadi mwisho. Nimeshaanza kumfinyanga kichwa kwa unga uliolowana.

Kazi sasa ni kumpatia sauti. Mchana nilikifungua kichwa hicho mdomo mbele ya Obiero, nikajaribu sauti yangu mwenyewe, maneno mawili matatu. Obiero amekaa chini kwenye magunia, anacheka mpaka sasa. Na mimi naona hivyohivyo. Sauti yangu haifanani na mtu huyo hata kidogo.