Antena Iliyotazama Vaitoa

Jumatatu, 20 Oktoba 2008
Kwa miaka kumi na mitano nimeficha jambo moja. Si Upoko aliyewanyima watu wa kijiji cha Arorua televisheni. Ni mimi.
Naandika haraka. Nesi asubuhi kaupima moyo wangu, kauliza kama nina ndugu New Zealand wa kuitwa. Nimemwelewa.
Kituo chetu cha televisheni kina vyumba viwili, mlingoti mmoja na nguvu ya kufika ng'ambo ya kisiwa, ukiielekeza antena sawa. Mimi nilikuwa mwenyekiti, Upoko, mtu wa Arorua, fundi. Mwaka 1993 tulirekodi nuku, ile michezo ya Biblia ya Siku ya Injili, tukafungua kituo nayo. Arorua walicheza Yona. Nyangumi wao alimeza mtu mzima akamtapika akiwa hai! Ngao wakachukua. Sisi Vaitoa tulicheza Nuhu. Nuhu alikuwa mimi. Safina niliiunda mwenyewe. Ilivunjika katikati, mbuzi wakanikanyaga.
Arorua walinicheka mara moja uwanjani. Sikutaka wanicheke kila Jumamosi kipindi kikirudiwa. Alfajiri ya siku ya kufungua nikapanda mlingoti na spana, nikaigeuza antena itazame kwetu. Jioni Arorua nzima walikaa kwenye ukumbi wao, nguruwe wamechomwa, wageni wamealikwa. Wakaona chenga tupu kwenye kioo. Kesho yake nikaitisha kamati, nikasema kosa ni la Upoko, nikamnyang'anya funguo kabla hajapanda kuangalia.
Jumapili hii linazinduliwa jiwe lenye historia ya kituo. Jina langu ni la kwanza. La Upoko halimo.
Lazima nikiri. Kwa mpango mzuri.

Jumanne, 21 Oktoba
Upoko kaja! Kavuka kisiwa kwa pikipiki, goti bovu na yote, kaniletea taro, yale majimbi yetu, na poke, ile keki laini ya ndizi. Kasema Vaitoa hatujui kupika, ndiyo maana tunakufa mapema.
Halafu akasema, "Mwalimu, wewe wanakusikiliza. Waambie waniandike kwenye jiwe. Hata chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani."
Kaeleza bila kulalamika. Kwao bado anaitwa Papa Chenga. Ushemasi walimvua mwaka ule ule. Mkewe alizikwa akiwa Mama Chenga, na watoto waliimba hilo jina njiani kutoka makaburini.
Nikasema nitaona.
Poke ilikuwa tamu. Nimekula mara mbili. Usingizi umenikataa, nadhani kwa sababu ya ndizi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Mpango wa kwanza: kumwambia mchungaji. Kaja. Kaomba muda mrefu, kasifu miaka yangu ya ualimu mkuu, kanishika mkono. Ningemkatizaje mtu anayesema ukweli?
Mpango wa pili ni bora. Nitakiri kwenye televisheni! Hadharani, kama mwanamume. Binti wa dada yangu, Tereapii, ndiye anayeendesha kituo sasa. Kauliza kama nimemeza dawa. Nikasema nina neno kwa taifa. Kasema, "Papa, taifa gani? Saa moja jioni wanaotutazama ni Vaitoa na kuku wao."
Kakubali lakini. Dakika kumi, kesho, baada ya matangazo ya vifo. Nimemwambia atafute suti nyeupe.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimekiri! Yote: nyangumi, mbuzi, alfajiri, spana. Nimelia kwa heshima. Suti imenikaa vizuri kuliko nilivyotarajia.
Simu ikaanza kulia kabla sijavua viatu. Niliisubiri hasira. Shemasi wetu kacheka mpaka akakohoa: "Mwalimu, kumbe ni wewe! Arorua tuliwaweza!" Mama mmoja kaniita shujaa. Mchungaji kasema ugonjwa huwavika watu wema dhambi zisizo zao. Kisha kasema, kwa upole, kwamba jambo hili libaki kijijini. Aibu ya mzee wetu haivuki kilima.
Hakuna atakayewaambia Arorua. Hata Tereapii, aliyenirudisha nyumbani kwa gari, kaukaza usukani tu.
Nilijitahidi. Mungu shahidi.

Jumamosi, 25 Oktoba
Upoko tena. Taro tena. Kasema kasikia nilitokea kwenye televisheni jana. Kwao ilikuwa chenga, kama kawaida. Kauliza nilisema nini.
Alikuwa amekaa karibu kabisa. Angeweza kunisikia hata nikinong'ona.
Nikasema niliimba wimbo wa kanisani.
"Kwa sauti hiyo?" kasema. "Basi heri ya chenga!" Kacheka peke yake, kisha kacheka na kikohozi changu.
Halafu balaa. Tereapii kampa funguo za mlingoti! Kamwambia apande aangalie antena mwenyewe. Upoko kazitoa mfukoni, kanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Atapanda Jumatatu.
Nikamkumbusha goti lake. Nikamkumbusha umri. Nikasema yeye ni rafiki yangu wa pekee, nisingependa afe kabla yangu, na nikanyoosha mkono. Kafikiri kidogo. Kasema, "Wewe Mwalimu una roho nzuri," kanipa.
Ziko chini ya mto wangu. Zinanichoma shingo.

Jumapili, 26 Oktoba
Jiwe limezinduliwa. Wamenibeba kwa kiti, shada la maua shingoni. Mistari mitatu. Jina langu juu, limechongwa kwa kina. Mvua ya miaka mia haitalifuta. Upoko alisimama nyuma, kofia mkononi. Alisoma jiwe kutoka juu hadi chini. Akainama, akasoma tena ile sehemu ya chini, penye udongo. Kisha akaimba sauti ya nne pamoja na wengine, wala hakukosea.
Tereapii kaniuliza njiani ziko wapi funguo. Nikasema mgonjwa hakumbuki vitu vidogo. Kesho nitaomba zizikwe nami, kwa kumbukumbu ya kituo. Wazo zuri. Watu watalia.
Nimebaki na neno moja, na nesi yuko mlangoni. Ningeweza kumwambia Upoko kitandani hapa, Jumanne, mdomo kwa sikio. Nilichagua televisheni kwa sababu nilijua haifiki Arorua.