Mshale Upande wa Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei

Nimemimina chai vikombe viwili tena. Mazoea. Nimevinywa vyote nisijione mjinga, na sasa tumbo linanguruma. Ndiyo sauti pekee ndani ya nyumba hii.

Mke wangu yuko kwa mama yake tangu wiki iliyopita. Chanzo ni pikapu. Tulikuwa tunakwenda harusini kwa mpwa wake, yeye kapendeza, kanukia. Katikati ya mlima giaboksi ikachemsha. Pikapu yetu ni otomatiki, gia zinajipanga zenyewe, na siku ile zikagoma kujipanga. Harufu ya kuungua tupu. Mara nani akatokea nyuma yetu na gari lake linalong'aa? Shemeji, kaka yake mke wangu. Akampakia dada yake, akaniambia pole shemeji, tafuta gari la kuvuta. Hata injini hakuzima.

Kwenye simu mke wangu anasema hana ugomvi na pikapu. Ugomvi wake ni kwamba asubuhi ile aliniuliza kama itapanda mlima, nami nikamjibu hakuna neno, wakati nilijua fika kwamba neno lipo. Anasema siku nitakayompa jibu la kweli, atarudi.

Nimelitafakari hilo mchana kutwa. Jibu la kweli. Mwanamke huyu anataka kipimo.

Basi nimekwisha kununua. Geji ya joto la giaboksi, mpya kabisa, ina rangi ya kijani upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Muuza spea aliuliza kama nina gari la mashindano. Nikamwambia ni gari la ndoa. Hakucheka.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa fundi tunayemwita Taratibu. Akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akakinusa, akakunja uso. Akasema mafuta yameungua, giaboksi ifunguliwe, na mlima nisiuguse kabisa. Akaongeza kwamba kipimo hakitibu. Nikamwambia sikuja kuhubiriwa, nimekuja kuuliza geji inafungwa wapi.

Akanionyesha bila kinyongo. Kuna bomba linalotoa mafuta kwenye giaboksi yakiwa ya moto, kuyapeleka kwenye rejeta yakapoe. Kuna jingine linaloyarudisha yakiwa yameshapoa. Kichwa cha kupimia, kile kinachohisi joto, kifungwe kwenye lile la kwanza, maana huko ndiko habari iliko. Akataka kunifungia mwenyewe. Nikakataa. Nataka nikimwambia mke wangu nimefunga kwa mikono yangu, niwe nasema kweli. Nimeanza tabia mpya.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Sikufanya kazi. Alikuja msoma mita ya maji, nikamkaribisha chai. Akasema ana nyumba nyingi za kupitia. Nikamwonyesha geji kwenye boksi lake. Akasema nzuri, akaenda zake.

Alhamisi, 9 Mei

Imefungwa! Si mbele ya dereva, hapana. Nimeiweka upande wa abiria, imeinamia kiti cha mke wangu, ili aone mwenyewe asitegemee mdomo wangu. Mimi nikitaka kuiona lazima nipinde shingo kama kuku anayetafuta punje. Si kitu. Geji ni yake.

Dosari moja. Nilipotoboa dashibodi drili iliteleza ikala waya. Sasa nikiwasha taa ya kukata kushoto, honi inalia. Ya kulia haina tatizo. Mama jirani alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama kuna bibi harusi anakuja kuchukuliwa. Nikamjibu yupo. Nikaingia ndani nikijipongeza kwa jibu hilo, nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake. Machozi yakanilengalenga. Lilikuwa vumbi la drili.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nimeijaribu. Kilima kidogo tu cha nyuma ya shule. Mshale ukatoka kijani, ukapita katikati, ukaingia kwenye nyekundu na kulala huko huko. Nikazima injini. Nikabaki nimeketi na geji yangu, tunatazamana.

Sasa nani atamwonyesha mkewe kitu kama kile? Nimetafuta amani wiki nzima, nipeleke nyekundu? Nikawaza. Nikawaza sana. Halafu akili ikafunguka. Fundi mwenyewe si alisema kuna bomba la pili? Mafuta ni yale yale, giaboksi ni ile ile. Nikalala chini ya pikapu, nikahamisha kichwa cha kupimia, nikakifunga kwenye bomba la kurudi. Nikarudi kilimani. Mshale kijani, umetulia, mtoto amelala. Uongo sijasema. Nimechagua tu mahali pa kuuliza.

Mchana Shemeji akaja na gari lake linalong'aa. Ametumwa blanketi zito la mke wangu na viatu vyake vya kufunika. Mtu akiagiza blanketi ana safari ya kukaa. Nikalikunja mwenyewe, taratibu, pembe kwa pembe. Bado lilikuwa na harufu yake.

Ili asiondoke kifua mbele, nikamtoa nje nikamwonyesha geji. Nikamzungusha mtaa mzima. Akasema mbona mshale hausogei. Nikamwambia ndiyo afya yenyewe hiyo. Akauliza na honi je. Nikamwambia hayo ya honi ni mambo ya umeme, hayamhusu.

Jumapili, 12 Mei

Niandike haraka kabla sijajionea huruma.

Nilivaa shati alilonichagulia yeye. Nilipita barabara ya kuzunguka, ndefu lakini tambarare, nisiichoshe pikapu. Mama mkwe akanipokea kwa heshima zote, akanipa maji, akasema mwanangu umekonda. Mke wangu akatoka. Begi mkononi! Blanketi limo ndani, nililiona pembe yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima na sikuhitaji hata sentensi moja. Aliingia akaketi, akaitazama geji, akaitazama muda. Akauliza ni kwa ajili yake? Nikasema ndiyo. Akatabasamu. Nilikuwa nimesahau anavyotabasamu upande mmoja.

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama giaboksi imetengenezwa. Nikamwambia atazame mshale. Akasema ananiuliza mimi, haulizi mshale. Nikasema hakuna neno.

Akasema basi tupite mlimani, ni karibu zaidi.

Hapo ndipo ulimi ulitakiwa ufanye kazi. Haukufanya. Nikakata kona kuelekea mlimani.

Tulipanda vizuri mpaka pale pale pa siku ile. Harufu ikaanza. Yeye anatazama mshale, mimi nimepinda shingo natazama mshale, na mshale kijani, hauna habari. Injini ikanguruma peke yake, magurudumu yakasimama. Moshi ukatoka chini. Mshale kijani. Akaniuliza kipimo kimefungwa wapi. Nikamweleza habari ya mabomba mawili, maana sikuwa na pa kujificha. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Akasema alifunga begi tangu jana, kaka yake alipomwambia nimekunja blanketi kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Angekuja hata kwa miguu. Akasema kama ningemwambia gari ni bovu na mimi nimechoka kukaa peke yangu, tungeshuka mlima huu tukicheka. Kisha akateremka, akachukua begi, akarudi kwa mama yake.

Nilitaka kumwita. Nikawasha taa ya kushoto honi ilie. Ililia, ikalia. Hakugeuka. Watu wengine wote waligeuka.

Jumanne, 14 Mei

Taratibu ameivuta pikapu mpaka kwake. Giaboksi imekufa, marehemu hana hata spea ya kuuza. Aliingia chini, akakiona kichwa kwenye bomba la kurudi, akatoka akifuta mikono. Sikutaka anihurumie ila alinihurumia. Nyumbani nimekula nikiwa nimesimama jikoni. Kukaa mezani peke yangu siwezi.

Jumatano, 15 Mei

Amepiga simu! Mwenyewe, si kupitia kwa kaka yake.

Hakuzungumzia gari. Aliuliza ninakula nini. Nikamwambia nakula vizuri, napika kila siku. Akauliza usingizi. Nikamwambia nalala fofofo, kitanda sasa ni kikubwa, najigeuza nipendavyo. Akauliza kama nyumba hainielemei. Nikacheka kidogo, nikamwambia nyumba ina utulivu wa kutosha, mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Kisha akasema alikuwa amepanga kuja kesho, bila begi wala maneno, tukae tu tuongee. Lakini kama sina shida yoyote, basi haina haja.

Nikamwambia haina haja, asijisumbue, barabara ina vumbi.

Akasema haya. Akakata.

Nimeridhika. Angalau ameona kwamba sijalegea. Na nimekwisha kugundua kosa langu lilipokuwa: geji moja haitoshi. Kesho asubuhi nakwenda kwa muuza spea kuulizia ile ya presha ya mafuta, yenye kengele.