Nusu Saa ni Kidogo Mno

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara ametangaza: Ijumaa atateua msimamizi wa tanuri. Ni mimi au mwenzangu Miwani. Kila mmoja kapewa kipande cha chuma chenye manganizi nyingi. Ukipashe moto, ukipoze, kigongwe nyundo. Kikigongwa kikageuka martensiti, ule muundo mgumu wa chuma, sumaku itakishika na umeshindwa. Nimemwambia mke wangu cheo ni changu. Naye kamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza! Sikai, situlii.

Jumanne, 5 Machi
Miwani kakitoa chake baada ya nusu saa. Mvivu! Changu kimekaa tanurini kutwa. Kitu kiive bwana.

Jumatano, 6 Machi
Tumekata ncha za vipande, tukazipoza na kuzigonga kujaribu. Balaa! Sumaku imeiganda yangu kama kupe. Kwenye hadubini chembe zake, zile punje zinazounda chuma, ni kubwa kama maharage. Za Miwani ni unga mtupu, na sumaku haikuzitaka. Mkuu akanieleza taratibu kwamba moto wa muda mrefu hunenepesha chembe, na chembe nene hugeuka martensiti upesi. Ndogo ni kaidi. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema sana.

Alhamisi, 7 Machi
Saa ya chakula nimebadilisha vibandiko. Kipande cha Miwani sasa kina jina langu. Akili ni mali! Lakini roho haikutulia. Nimezunguka meza mara kumi. Je, kama hakijaiva sawasawa? Nikakirudisha tanurini hadi jioni, kuondoa wasiwasi tu.

Miwani naye, kwa kuwa hukagua kila kitu mara mbili, alichungulia kipande "chake" kwenye hadubini, akakunja uso. Akakipitisha kwenye rola mpaka kikawa chembamba, akakipasha nusu saa. Nikacheka kimoyomoyo. Anahangaika na maharage yangu!

Ijumaa, 8 Machi
Nyundo. Sumaku. Cha Miwani hakikushikwa: rola ilizivunjavunja chembe, moto mfupi ukaziumba upya zikiwa ndogo. Changu kilishikwa hata Mkuu akatumia mikono miwili kukibandua. Akauliza nilikifanya nini. Nikalaumu nyundo. Cheo ni chake. Nimeona aibu, nimeumia.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kafika na saa ya ukutani ya ofisi yangu mpya. Sijathubutu kumwambia. Mke, aliyeniona nikizungukazunguka, kanikabidhi mkate wa mgeni ulio ovenini, akasisitiza nusu saa tu. Nusu saa! Nimeuongezea saa nzima, kuondoa wasiwasi tu.