Boti Chini, Bibi Juu

Jumatatu, 14 Julai

Hapana, sijaiba! Nimeinunua, halali kabisa. Ndivyo nilivyomjibu mke wangu Fusae, na bado ananitazama kama polisi. Boti nyeupe, ina kibanda cha usukani chenye paa, na taa tatu, moja inawaka. Nimeipa jina Malkia.

Fusae akauliza italala wapi. Wivu tu! Hapa Ine, kijiji chetu cha pwani ya Japani, boti zina nyumba zao: chini maji yanaingia na boti inalala humo kama ng'ombe zizini, juu wanakaa watu. Sisi tunakaa kwa mama yake, ng'ambo ya barabara, chumba kinachotazama ukuta. Nikamwambia wajinga hutafuta nyumba kwanza, halafu boti. Mimi nimeanza na boti. Sasa nachagua nyumba ya kuifaa. Akasema nichague haraka. Ushirika wa wavuvi unataka gati liwe wazi kabla ya sikukuu ya Jumapili, na nikikosa mahali, Malkia anauzwa kwa kaka yake, Masanobu.

Masanobu! Shemeji mwenye nyumba ya wageni, anayevaa miwani ya jua hata kwenye mvua. Kasema ataijaza udongo apande maua.

Thubutu!

Jumanne, 15 Julai

Nimezunguka ghuba nzima. Nyumba ya kwanza, mlango wa maji mwembamba, ungeingiza bata tu. Ya pili nzuri, lakini ina mbwa na mbwa ana maoni. Ya tatu ndiyo yenyewe! Ya Bibi Kinuyo, mjane, anaishi peke yake, chini hamna kitu.

Kanikaribisha chai juu. Sakafu yake imelegea katikati, inainamia baharini. Ukiweka kibakuli mezani kinaanza safari ya dirishani. Bibi anakizuia kwa kidole bila hata kukitazama, huku anaongea.

Kasema mumewe alipokuwa hai boti iligonga nguzo usiku kucha, ko, ko, ko, na yeye akalala kama mtoto. Tangu boti itoke hajapata usingizi wa maana. Masanobu naye kaja kuomba nyumba hiyo, auzie kahawa. Bibi kamuuliza boti yake iko wapi. Hana! Kwa hiyo mpango ni huu: mwenye boti itakayolala mle ndani kabla ya sikukuu, ndiye mpangaji, chumba cha juu cha nyuma ni chake na mkewe.

Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatano, 16 Julai

Nimeingiza Malkia. Yaani, nimeingiza pua. Upana sawa kabisa, nafasi inabaki hata ya kupitisha mkono. Lakini paa la kibanda likagonga boriti, GA! Bibi akachungulia dirishani akauliza kama ni mgeni.

Kilichokosekana ni vidole viwili. Vidole viwili tu vya urefu, na maji ya ghuba hii karibu hayapwi!

Masanobu alikuwa gatini na wageni wake. Akapaza sauti: "Shemeji Kihachi, ingiza kinyumenyume! Au ivue kofia!" Wakacheka wote, mpaka mtoto mchanga.

Nilijaribu kuivua hiyo kofia. Kibanda na boti vimeundwa kipande kimoja. Nimevunja msumeno wa mama mkwe. Nimeurudisha mahali pake taratibu.

Alhamisi, 17 Julai

Ushindi unakuja! Nilikuwa nimekaa gatini na huzuni zangu, mara Gonpei, mkubwa wa wapiga ngoma wa sikukuu, akakanyaga Malkia kuomba kiberiti. Gonpei ni mtu wa kilo zake. Boti ikazama kidogo. Kidogo tu. Lakini mimi niliona!

Nikamwambia mwaka huu ngoma zipigwe ndani ya nyumba ya Bibi Kinuyo, juu ya maji, mwangwi wake utafika mlimani. Akauliza kama kuna sake, pombe yetu ya mchele. Nikasema ipo, na ngisi wa kuchoma. Akasema kikosi kizima kitakuja, na ngoma kubwa.

Ijumaa, 18 Julai

NIMEINGIA!

Wapiga ngoma wote wamelala kifudifudi kama samaki sokoni, ngoma kubwa katikati, Gonpei juu ya ngoma. Malkia akashuka mpaka maji yakawa yanatuangalia machoni. Nikasukuma kwa mti polepole. Paa likapita chini ya boriti kama unavyopitisha barua mlangoni. Masanobu gatini kavua miwani. Sijawahi kuyaona macho yake kabla ya leo. Madogo.

Wakashuka kwenda kula ngisi. Hapo Malkia akakumbuka kwamba yeye ni mwepesi. Akaanza kupanda. Boriti zikalia, KRAAA! Juu nikasikia Bibi anapiga kelele, kabati linatembea, mlango wa karatasi umechomoka kwenye reli yake. Nikajua nimekwisha. Nimeua mjane siku mbili kabla ya sikukuu!

Nikapanda mbio. Bibi amekaa mezani, kidole kiko hewani. Kibakuli kimetulia. Hakiendi popote! Akakigusa, akakitazama, akakiacha tena. Halafu akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kimono.

Fundi Iwao kaja kukagua. Kasema paa la boti limeibeba sakafu, nyumba haijanyooka hivi tangu yeye alipokuwa mwanafunzi, na atakayeitoa hiyo boti amtoe Bibi kwanza.

Jumapili, 20 Julai

Sikukuu! Tumehamia tangu juzi. Fusae kafungua dirisha, bahari yote ndani. Kasema mimi ni mpumbavu mwenye bahati. Nimechukua hilo la bahati. Masanobu kaleta zawadi, chungu cha maua.

Tatizo dogo: boti iliyobanwa haigongi nguzo. Basi kila Bibi akipanda kitandani nashuka na mwiko nagonga mwenyewe, ko, ko, ko. Asubuhi anasema boti nzuri sana hii.

Tatizo lingine, dogo zaidi: Fundi Iwao kasema majira ya baridi bahari hushuka kiganja kizima, na Malkia atashuka nayo, na sakafu itamfuata. Lakini hiyo ni Januari! Nani anaishi Januari? Na dawa ninayo: boti kubwa zaidi. Nimeshaiona moja mjini Miyazu, ina vibanda viwili.

Sasa wewe uliyefungua daftari langu bila ruhusa (Fusae, kama ni wewe, lifunge): nyumba zilizolegea zimejaa ghuba hii. Tushirikiane. Wewe nunua boti, mimi naleta wapiga ngoma. Sake na ngisi juu yako. Nyumba ikinyooka, tunagawana nusu kwa nusu. Ikianguka, boti ni yako yote.