Mintarafu Kufutwa kwa Alama Yangu ya Pekee Kwenye Grini ya Saba

Kwa Bwana Kiptanui,
Kapteni, Klabu ya Gofu ya Mtarakwa,
Nakuru.

Bwana Kapteni mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na ukiwa umeketi, maana si ya kusomwa mtu akiwa wima.

Mimi ni Micah Nyongesa, yule mzee wa kofia ya kahawia ambaye wanachama humwita Tingatinga. Jina hilo nilipewa kwa sababu mpira wangu hauruki. Wengine wakipiga, mpira hupaa, kisha hutua kwenye grini, ile nyasi laini iliyonyolewa kuzunguka shimo. Wangu hulima. Hupita chini kwa chini ukijitafutia njia kama maji ya mvua, na ukifika kwenye grini huwa umechoka kiasi kwamba hauachi hata dalili ya kupita. Jina nimelivumilia. Hata mke wangu Trizah huniita hivyo mbele ya wakwe, nami hucheka pamoja nao.

Ijumaa iliyopita mambo yalibadilika.

Nilikuwa nikicheza na rafiki yangu Abdirahman, yule mwenye duka la vitambaa mjini. Kwenye shimo la saba nilipiga kama ninavyopiga siku zote. Sijui nilifanya nini tofauti. Mpira ulipaa, Bwana Kapteni. Ulipita juu ya mikaratusi, ukatulia huko kidogo kana kwamba unautazama mji, kisha ukashuka katikati ya grini kwa kishindo tulichokisikia sote wawili. Abdirahman alishika kichwa. "Wallahi, Mzee Nyongesa! Umeruka!"

Tulikimbia, na umri wetu unaujua. Palikuwa na kishimo kidogo kama kifuniko cha soda, kimebonyea upande mmoja, na nyasi zake zimesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Alama ya mpira. Yangu mimi. Nilipiga magoti nikaigusa kwa kidole, na sitakuficha, macho yalinilowa.

Sasa, Trizah huniambia kila ninaporudi nyumbani: "Baba Bravin, siku mpira wako utakapopaa, niite nione. Kabla ya hapo usiniletee hadithi." Bahati nzuri siku hiyo alikuwa hapo klabuni, kwenye veranda, akinywa chai na Mastura, mke wa Abdirahman. Niliivua kofia yangu nikaifunika ile alama isikanyagwe, nikaenda kumwita. Abdirahman naye hakukubali kubaki. Alitaka kuuona uso wa Trizah. Njiani mke wangu aliuliza mara kadhaa kama kweli amekatizwa chai aende kuangalia nyasi. Nikamwambia, "Wewe njoo tu."

Tulipofika, Daktari Jerop, yule daktari wa meno, alikuwa amesimama pale akijipangusa magoti. Mkononi alikuwa na ule uma mdogo wa meno mawili mnaotugawia wa kurekebishia alama za mipira. Kofia yangu ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa kando.

"Mzee, nimekusaidia," akasema akitabasamu. "Kuna mtu aliacha shimo baya sana hapa, halafu mwingine akaja akaangusha kofia juu yake."

Trizah aliinama akatazama. Akazunguka upande wa pili akatazama tena. "Ni nyasi nzuri," akasema. Mastura akaongeza kwamba, mashallah, ni kama zulia. Wakarudi kunywa chai yao.

Kutokana na hayo ninayo malalamiko, na nimeyapa nambari ili kamati isipotee njiani.

1. Kwamba alama yangu iliondolewa bila mimi kuulizwa. Aliyeiondoa anasema hakujua ni ya nani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilipomwambia ni yangu, Daktari Jerop alicheka kwa upole, akanishika bega, akasema, "Haya, Mzee."

2. Kwamba lile bango lenu mlangoni linasema: Rekebisha alama yako na nyingine moja. Hii nyingine moja ilitoka wapi? Nikimaliza kusonga ugali wangu, je, niingie kwa jirani nikasonge na wake? Huko Kuresoi kwa shemeji yangu, mtu akipalilia viazi vyake na mstari mmoja wa jirani, kesho yake wanaitana kwa chifu kuulizana mpaka uko wapi.

3. Kwamba hata hivyo mimi nimelitii bango hilo tangu nijiunge. Naomba hapa usome polepole. Kwa kuwa sikuwahi kuwa na alama yangu, kila siku nimekuwa nikirekebisha ile nyingine tu. Nimepiga magoti kwa ajili ya alama za mawakili, za wenye malori ya mbao wa Elburgon, na zako wewe Kapteni, ambazo ni kubwa na ni nyingi. Sijawahi kunung'unika. Nilijiambia siku moja yangu itakuja. Ikaja, na haikumaliza muda wa kikombe kimoja cha chai.

4. Kwamba nilipomfuata Daktari Jerop kwa malalamiko, alidhani nimekuja kujifunza. Alinieleza kwa furaha kwamba hupaswi kuchokonoa katikati ukainua udongo, maana mizizi hukatika na nyasi hufa. Unasukuma kingo kuelekea ndani, pole pole, halafu unagonga juu kwa fimbo mpaka pawe sawa. Alinionyesha mara mbili. Huyu ni mtu ambaye wiki nzima anaziba mashimo vinywani mwa watu, na siku ya mapumziko anakuja kwetu kutafuta mengine. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema apumzishwe.

5. Kwamba kamati haijafikiria jambo hili linakoelekea. Simama pale kwenye maegesho uangalie upande wa kaskazini. Ule mlima wa volkano wa Menengai ni nini? Ni kibonyeo. Kitu kikubwa kiliachwa pale, hakuna aliyekirekebisha, na leo watu wanatoka mbali kupigwa picha wakiwa ukingoni. Lau Daktari Jerop angekuwepo zamani hizo na uma wake, angesukuma kingo, akagonga juu, na leo tungekuwa na uwanda wa kupanda mahindi. Tuendelee. Bonde la Ufa lenyewe ni nini kama si alama ambayo haikuzibwa? Ukilirekebisha Bonde, ziwa halina pa kukaa. Flamingo watatua wapi, juu ya paa la soko? Na watu wa Molo, ambao sasa wako juu na sisi chini, tutakuwa nao sawasawa, na baridi yao yote itatuteremkia. Haya yote huanza na uma mdogo wa meno mawili.

6. Kwamba tangu Ijumaa Trizah ameacha kuniita Tingatinga, ananiita Baba Kofia. Afadhali lile la kwanza.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote: alama yangu irudishwe pale pale ilipokuwa, na Abdirahman yuko tayari kuonyesha mahali, izungushiwe kamba, kibao kidogo kiwekwe chenye jina langu lote. Tena, kuanzia sasa mwanachama yeyote aruhusiwe kuacha alama yake wazi mpaka familia yake ije kuiona. Mimi na Abdirahman tumekwisha kuanza kuitekeleza kanuni hii tukisubiri uamuzi wenu. Hatujarekebisha chochote tangu Jumatatu, na dhamiri zetu ni safi kabisa.

Nisalimie mama watoto, karani wa klabu, na wazee wote wa meza ya dirishani. Mwambie mpishi Achola kwamba ule mchuzi wa Alhamisi ulinifariji wakati wa dhiki. Nisalimie hata Daktari Jerop, lakini kwa mbali.

Ni mimi mwanachama wako, niliyekasirika lakini niliyelipa ada,

Micah Nyongesa

N.B. Bwana Kapteni, barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu leo asubuhi nilipopangwa kucheza na Daktari Jerop. Amini usiamini, tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa. Trizah alikuwa amesimama pembeni, na mara hii alikuja bila kuitwa. Nilibakiwa na hatua chache tu za kuusukuma mpira uingie, nishinde. Niliusukuma vizuri. Ulikwenda moja kwa moja, Trizah akaanza kupiga kelele, "Ingia! Ingia, baba!", kisha ukafika kwenye kishimo ambacho mtu fulani aliacha bila kukirekebisha. Ukarukia kando. Ukaniacha pale, ukateremka mpaka kwenye mchanga.

Nimeshindwa. Trizah aliingia uwanjani na viatu vyake vya kanisa akiuliza kwa sauti, "Ni nani huyu asiye na adabu aliyeacha shimo hapa?" Tumempata. Ni Abdirahman, alipita mbele yetu asubuhi. Naomba asimamishwe mara moja, mwaka mzima au zaidi. Anajitetea kwamba mimi ndiye niliyemshawishi, jambo ambalo halihusiani na gofu.

Daktari Jerop ameniazima uma wake. Nimekirekebisha kile kishimo: kingo kwa ndani, pole pole, halafu nikagonga. Kimekuwa kizuri mno. Baada ya hapo nimeona kingine karibu na bendera, na viwili nyuma yake. Maneno haya nayaandika juu ya goti. Kuna watu wanasubiri kucheza, nao wanapiga miluzi, lakini Trizah, naye akiwa amepiga magoti, amewaambia watulie, kwa sababu upande wake bado hajamaliza.