Siku Niliyompiga Bosi wa Filamu kwa Aproni

Wapendwa wanakwaya, leo nimepata aibu, na nimeitafuta mwenyewe. Nipo kwenye basi narudi nyumbani na Mama Furaha amekaa pembeni yangu anacheka tangu kituo cha kwanza. Naandika hapa kabla hajawaandikia yeye.

Mnajua mgahawa wetu hufungwa Jumatatu. Wiki iliyopita bosi wetu, Mzee Frenki, alituambia kuna vijana wataazima jiko siku hiyo. Wanatengeneza filamu ya vichekesho kuhusu wafanyakazi wa mgahawa. Hawana studio, wana kamera mbili na mapenzi ya kazi. Anayetaka kupita nyuma nyuma kwenye picha, aje.

Mimi nilisema nakuja. Nikasuka nywele Jumamosi. Nikavaa hereni za harusi ya mdogo wangu (kwenda kuosha vyombo, ndiyo). Kwa sababu ya hizo hereni nikakosa basi, nikafika nimechelewa nusu saa. Kumbe hiyo nusu saa ndiyo walikuwa wanaeleza hadithi yenyewe.

Mlangoni nikakutana na binti mwenye nywele za kijani. Ndiye mkuu wao. Akanipa aproni akanipeleka kwenye sinki.

"Wewe osha tu. Usiangalie kamera, usiseme kitu."

Nikaosha. Sahani zilikuwa safi, lakini walitaka povu, nikawapa povu.

Sasa naomba mnielewe. Wiki mbili nzima pale kazini tumekuwa tukinong'ona kwamba mgahawa unauzwa. Kuna mtu alikuja na karatasi, akapima ukuta na sakafu, akaondoka bila kutusalimia. Mimi nimekuwa silali vizuri. Kazi nyingine niliyopata kabla ya hii ilikuwa ghala la kuku waliogandishwa, na vidole vyangu havijasahau.

Kwa hiyo nilipomwona mwanaume wa suti anaingia jikoni ameshika karatasi, nikajua mnunuzi ndiye huyu. Kamera sikuiona. (Ilikuwa nyuma ya rafu ya masufuria. Si niliambiwa nisiiangalie?) Akaenda moja kwa moja kwa Mama Furaha, aliyekuwa anakata vitunguu.

"Mgahawa nimenunua mimi," akasema. "Chukua vitu vyako. Saa sita nisikuone hapa."

Mama Furaha akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka. Yule mama ana watoto wanne, na Jumapili ndiye anayetushikia sauti ya pili. Nikamtazama analia kimya juu ya kile kibao, nikasahau povu, nikasahau kila nilichoambiwa.

Nilimwendea yule mwanaume na mikono inachuruzika maji. Nikamwambia kwa Kiingereza changu chote, hadi kile nilichokuwa nimekiweka akiba kwa mtihani wa uraia wa nchi hii.

"Bwana, huyu mama huwezi kumfukuza hivyo. Hata bosi wetu wa zamani hakuwahi kutufanyia hivi. Na yule ana kasoro zake. Anaimba vibaya asubuhi yote. Mimi Dafroza ananiita Doroti, mwaka wa pili huu. Supu yake ya maharage, sisi wenyewe hatuili. Lakini mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyesimama hapa kwenye sinki langu siku tatu, akaosha masufuria, akaniambia baki na mtoto. Wewe unaweza kuosha sufuria?"

Yule mwanaume akatazama karatasi yake. Mimi nikaona ni kiburi. Nikavua aproni, nikamrushia. Nilikusudia imwangukie kifuani. Ilimpata usoni, ikabaki pale imening'inia kwenye pua, inatona.



Mama Furaha akafuta macho kwa kiwiko, akanisogelea taratibu. "Dafroza, dada yangu. Ule mutu ni wa filme. Anaigiza. Bon, na miye naigiza."

"Na machozi?"

"Ni bitunguu."

Nikatafuta mahali pa kuingia. Friza kubwa ilikuwa karibu, nikageukia huko. Na mlangoni mwa friza, kikombe cha kahawa mkononi, alikuwa amesimama Mzee Frenki. Alikuwepo tangu mwanzo. Macho yake yalikuwa mekundu, na huyo hakukata kitunguu chochote.

Akashusha kikombe. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Supu yangu ina nini?"

Wapendwa, nilikaa sakafuni.

Yule muigizaji ndiye aliyeniinua. Kumbe ni mpole ajabu, anafundisha watoto wadogo shuleni. Nilimwomba msamaha mara tano huku namfuta povu kwenye nyusi. Binti wa nywele za kijani akaja anakimbia, akaomba nirudie vilevile, kwa makusudi sasa. Tulijaribu mara sita. Kila nikimfikia yule kaka nasema "pole, baba" na kumpa aproni mkononi, imekunjwa. Wakakata tamaa. Wakasema watatumia ile ya kwanza.

Kabla ya kuondoka nilijikaza nikamuuliza Mzee Frenki kama kweli anauza. Akashangaa. Yule mpimaji alikuja kwa ajili ya sakafu, kwa sababu mimi na Mama Furaha tunateleza karibu na sinki na yeye anaogopa tutavunjika. Ndiyo hiyo tu. Nikalia tena, na sasa hata Mama Furaha alilia bila kitunguu.

Filamu ikiisha, wataionyesha kwenye ukumbi mdogo hapa mjini. Mzee Frenki ameshasema atafunga mgahawa siku hiyo ili twende wote, na amealika kwaya nzima.

Siku hiyo mimi nitaumwa. Nawaambia mapema ili mnipangie maombi.